Gundi ya Shingo ya Gitaa: Fundi wa Moshi Auliza

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi seremala hapa Pasua, Moshi, na riziki yangu kubwa inatokana na vitanda, milango na makabati. Kwa muda sasa nimekuwa nikitengeneza pia magitaa ya umeme na ya besi kwa ajili ya kwaya za hapa mjini. Shingo ninaziunga kwa vipande vitatu vilivyosimama ubavu kwa ubavu: mninga pande mbili na ukanda mwembamba wa mpingo katikati, na ninatumia gundi nyeupe ileile ninayotumia kwenye makabati. Siku ya kukabidhi, shingo huwa imenyooka na ni laini kabisa. Baada ya miezi kadhaa, mpigaji akipitisha kidole gumba kwa nyuma anahisi mistari mahali vipande vinapokutana, na shingo moja imepinda. Jirani yangu ananishauri nihamie gundi ya mirija miwili, mshona viatu aliye karibu nasi anasema gundi yake haijawahi kumwangusha, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi anasifia gundi isiyoharibiwa na maji. Nimsikilize nani?
Fundi, Pasua, Moshi

JIBU: Ndugu fundi, kabla hatujafika kwenye makopo na mirija, tunakuomba uichukue tena mojawapo ya shingo hizo, uilaze mezani mgongo ukiwa juu, kisha umulike kwa tochi iliyolala karibu sawa na mbao ili kila kivuli kionekane. Pitisha ukucha juu ya mstari na ujiulize kama unachohisi ni bonde, ni tuta, au ni ukanda mzima wa mpingo uliosimama juu kidogo ya mninga. Haya ni matatizo matatu yenye vyanzo vitatu tofauti, na mawili kati yake hayatibiwi kwa kubadilisha gundi.

Ikiwa ni bonde, kosa liko kwenye kalenda. Gundi nyeupe ina maji mengi, na maji hayo huingia kwenye kingo za mbao zilizo jirani na kiungo na kuzivimbisha kiasi kisichoonekana kwa macho. Fundi anayepiga randa na msasa kesho yake asubuhi anasawazisha mbao zikiwa bado zimevimba. Wiki chache baadaye maji yakishaondoka, kingo hurudi chini na kuacha mfereji mwembamba ambao rangi ya kung'arisha haiwezi kuuficha. Dawa yake ni kuiacha shingo iliyoungwa ikae bila kuguswa kwa wiki moja au zaidi, ikiwa imesimama juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, na zaidi ya hapo wakati wa masika, ndipo uanze kuichonga.

Ikiwa ukanda mzima wa mpingo ndio uliosimama, basi mbao zako hazikuwa na ukavu unaolingana. Mninga husifiwa kwa haki kuwa hausinyai sana, lakini mninga uliotoka mvuani wiki iliyopita bado utasinyaa, na mpingo, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini, hukauka taratibu mno. Kata vipande vyako vikiwa vinene kuliko unavyohitaji, viache karakanani pamoja kwa wiki kadhaa, kisha ndipo uvipige randa kufikia kipimo. Vipande vya mpingo vinavyobaki kwa wachonga vinyago vinafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu mara nyingi vimekwisha kukaa muda mrefu, na pia kwa sababu si haki kuangusha mti mzima kwa ajili ya ukanda wa milimita tano katika mji ambao marehemu Sebastian Chuwa alitumia miaka mingi ya maisha yake kuhimiza upandaji wa mpingo.

Tuta ndilo linalohusu gundi yenyewe, na hapa tunaomba uvumilivu wako kwa sababu mafundi wengi, hata wenye uzoefu, huuliza swali lisilo lenyewe. Wao huuliza gundi ipi ina nguvu zaidi. Karibu kila gundi nzuri ya mbao, ikipakwa vizuri kwenye uso uliopigwa randa vizuri, huwa na nguvu kuliko mbao inayoishika. Ukikivunja kiungo kwa nyundo, mbao hupasuka kwanza. Kwa shingo ya gitaa swali ni jingine: gundi hiyo, ikisukumwa na nguvu ileile mchana na usiku kwa miaka, itabaki mahali pake au itatambaa? Nyuzi za chuma zilizo nyembamba kwenye gitaa la akustika huivuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, zile za gitaa la umeme kwa kilo 45 hadi 50 hivi, na besi ya nyuzi nne hupita kilo 70. Kabati halijui mzigo wa namna hiyo. Gundi nyeupe, hata ikiwa imekauka kabisa, hubaki kuwa aina ya plastiki inayolegea kwa joto na kunyumbulika kidogo kidogo chini ya mzigo usiopumzika, na hivyo vipande huhama kwa sehemu ndogo ya milimita na gundi husukumwa juu ya uso kama uzi. Kidole gumba cha mpigaji ni kipimo kikali kuliko chochote ulicho nacho karakanani.

Gundi nyeupe, hata hivyo, hazilingani. Kuna zinazokauka zikawa ngumu na kuna zinazobaki kama mpira, na unaweza kuzitenganisha bila maabara: mimina kila moja kiasi cha kijiko juu ya kipande cha nailoni, iache siku tatu au nne hadi iwe kavu kabisa, ibandue, kisha uikunje. Ile inayokunjika mara mbili bila kulalamika ipeleke kwenye makabati. Ile inayopinda kidogo kisha ikakatika ndiyo ya kufikiria kwa shingo. Gundi ya njano ya seremala, ambayo kwa kemia ni ndugu wa gundi nyeupe, hukauka ikiwa ngumu zaidi, hupigika msasa bila kuvutika, na hutambaa kidogo kuliko nyeupe ya kawaida. Titebond Original ndiyo inayotajwa zaidi na watengenezaji wa magitaa wa Marekani. Ukiipata, au ukipata nyingine ya aina yake, kazi yako kubwa imekwisha.

Mwenye duka aliyekusifia gundi isiyoharibiwa na maji hakukudanganya kuhusu maji, ila gitaa halioshwi. Kinachofanya gundi nyingi za aina hiyo zistahimili unyevu mara nyingi huambatana na ulaini fulani ambao kwenye mlango wa nje hauna madhara, na kwenye shingo unatambaa zaidi kuliko gundi ya njano ya kawaida. Hatuoni sababu ya kulipia ziada kwa sifa usiyoihitaji na kupewa kasoro unayoikimbia. Na gundi ya mshona viatu, kwa heshima zote kwa jirani yako, imetengenezwa makusudi iwe kama mpira ili kiatu kikunjike. Isiguse shingo ya gitaa hata kwa bahati mbaya.

Jirani wa mirija miwili ana hoja yenye uzito. Epoksi, kwa mfano Araldite, haina maji, kwa hiyo haivimbishi mbao na haiipindi shingo siku ile ya kwanza. Haitambai kirahisi katika joto la kawaida. Hujaza nafasi ndogo pale randa ilipokosea. Na hushika mbao zenye mafuta ambazo gundi za maji huzikataa. Kwa ukanda wako wa mpingo, sifa hiyo ya mwisho si jambo dogo, kwa kuwa mpingo una mafuta ya asili na vinyweleo vyake vimejibana. Lakini chagua epoksi inayochukua saa nyingi kukauka. Ile ya dakika tano ni ya kubandikia kishikio cha kikombe. Ni dhaifu zaidi, huvumilia joto kidogo, na itakugandia mkononi kabla hujakaza kibanio cha tatu. Hata ile ya polepole, ikikaukia katika joto la kawaida la chumba, mara nyingi huanza kulegea kati ya nyuzijoto 50 na 60, kwa hiyo usimwambie mteja kwamba gitaa lake sasa linaweza kusafiri juu ya dashibodi hadi Dodoma.

Namna ya kuitumia pia ni tofauti. Uso wa mbao upigwe msasa namba 80 ili uwe na mikwaruzo, na mpingo upanguswe kwa asetoni hadi kitambaa kisitoke na rangi nyeusi, kisha upakwe ndani ya saa moja kabla mafuta hayajapanda tena. Changanya kwa uwiano ulioandikwa na mtengenezaji, wala usiongeze kikaushio ukitumaini kuharakisha kazi, kwa maana ukizidisha upande mmoja unabaki na sehemu isiyopata mwenzake na kiungo hubaki laini milele. Vaa glavu: kuna mafundi ambao ngozi yao imekataa epoksi baada ya miaka ya kuishika kwa mikono mitupu, na ikishakataa hairudi nyuma. Halafu usikaze sana. Epoksi huhitaji kubaki tabaka jembamba kati ya mbao, na ukikamua yote itoke nje, umebaki na kiungo kikavu.

Kwa gundi ya njano au nyeupe ni kinyume chake, na hapa ndipo makarakana mengi hupungukiwa. Kwa mbao za ugumu wa kati watengenezaji hushauri mgandamizo wa takriban kilo 9 hadi 12 kwa kila sentimita ya mraba. Shingo yenye urefu wa sentimita 65 na kina cha sentimita 5 ina uso wa sentimita za mraba 325, yaani unahitaji karibu tani tatu hadi nne. Vibanio vitatu vya kabati havifiki huko. Panga vinane au kumi, ukiweka ubao mnene ulionyooka kila upande ili nguvu isambae, na uvipishe kimoja juu kimoja chini ili vipande visipinde kuelekea upande mmoja. Jambo la kufurahisha ni kwamba nguvu ileile hupita katika viungo vyote viwili kwa wakati mmoja, hivyo shingo ya vipande vitano haihitaji vibanio zaidi ya ile ya vipande vitatu. Ukikaza, vipande vitataka kuteleza juu ya gundi mbichi. Toboa miisho miwili, mahali ambapo utakata baadaye, na upitishe vijiti vyembamba vya mbao vya kuvishikilia. Kutoka kupaka hadi kukaza una dakika kama kumi, na katika joto la Moshi la Februari ni pungufu ya hapo, kwa hiyo fanya zoezi kavu kwanza, bila gundi.

Ile shingo iliyopinda huenda ilipinda kwa sababu ya maji ya gundi, lakini angalia pia mpangilio wa mbao. Pasua ubao mmoja wa mninga katikati na uvifungue vipande viwili kama kitabu, ili pete za ukuaji za upande wa kushoto zielekee kinyume na za kulia. Kila kipande kinapotaka kupinda, mwenzake humzuia. Kwa kuwa vipande vya namna hiyo hupigania kiungo, gundi inayotambaa huwaachia nafasi, ndiyo maana tunasisitiza ugumu. Chuma cha ndani cha kunyooshea shingo hurekebisha mvuto wa nyuzi za gitaa, lakini hakirekebishi shingo iliyojipinda kama kamba.

Basi uamuzi wetu, kwa mbao zako na kwa mji wako, ni huu: tumia epoksi ya polepole kwenye shingo zenye mpingo, na gundi ya njano kwenye shingo za mninga mtupu au za mninga na mkangazi. Ikiwa unataka aina moja tu karakanani, chukua ya njano, uupanguse mpingo kwa asetoni na uupake mara moja. Ipo pia gundi ya unga ya yurea inayochanganywa na maji, ngumu kama kioo na isiyotambaa kabisa, ila hutoa hewa ya formaldehidi, na mabaki yake humaliza makali ya randa. Tusingeipendekeza kwa karakana iliyo uani karibu na dirisha la watoto.

Kabla hujaigusa shingo ya mteja, unga vijiti viwili vya mninga na mpingo vyenye urefu wa futi moja, viache wiki, vipige msasa hadi visihisike kiungo, kisha uegemeze miisho juu ya matofali mawili na kuning'iniza ndoo ya maji katikati, mahali panapopigwa na jua la mchana. Kiungo kiwe kimelala sambamba na ardhi, kwa sababu hivyo ndivyo gundi inavyovutwa zaidi. Baada ya mwezi kidole chako kitakwambia. Mwishowe vivunje: ukiona nyuzinyuzi za mninga zimebaki juu ya mpingo, gundi imefanya kazi; ukiona mpingo umeachia ukiwa safi na unang'aa, mafuta yamekushinda.

SWALI: Mimi ni mlezi wa kwaya hapa Ngaramtoni, Arusha. Gitaa letu la besi liliachwa ndani ya gari juani tulipokwenda kuimba harusini, na tuliporudi tukakuta ule ubao wa juu wenye freti umeachana na shingo karibu na kichwa, kiasi kwamba karatasi inapita. Kijana mmoja anataka kudondoshea supagluu. Tumruhusu?
Mama Mlezi, Ngaramtoni

JIBU: Mama, tunakusihi umzuie. Ndani ya gari lililofungwa, sehemu inayopigwa na jua moja kwa moja inaweza kupita nyuzijoto 60, na gundi ya njano au nyeupe hulegea kabla ya hapo huku nyuzi zikiendelea kuvuta. Supagluu hukauka ikiwa ngumu na kavu, haivumilii mtikisiko, na ikishaingia kwenye ufa humzuia fundi wa kweli kufanya kazi yake. Legezeni nyuzi leo, legezeni pia chuma cha ndani, kisha mumpelekee seremala mwangalifu au fundi wa ala. Yeye ataupasha ubao huo moto kwa pasi isiyo na mvuke, ataufungua polepole kwa kisu chembamba mahali palipoachia na sentimita chache zaidi, ataikwangua gundi yote ya zamani, kwa sababu gundi mpya ya aina hiyo haishiki juu ya iliyokwisha kukauka, na ndipo ataunga upya kwa gundi ya njano na vibanio usiku kucha. Muulizeni kabla ya kuanza kama anakusudia kuikwangua. Akisema atamimina mpya juu ya ya zamani, shukuruni na mwende kwa mwingine.

SWALI: Ninajifunza useremala hapa Arusha. Nimesikia kwamba mafundi wa zamani wa fidla na magitaa walitumia gundi ya ngozi za wanyama, na kwamba haitambai. Kwa nini hamuitaji?
Mwanafunzi, Sakina

JIBU: Ulichosikia ni kweli. Gundi ya ngozi na mifupa hukauka ikiwa ngumu sana, haitambai katika hali ya kawaida, na kiungo chake hufunguliwa kwa joto na unyevu bila kuharibu mbao, jambo ambalo watengenezaji wa fidla hulithamini mpaka leo. Huloweshwa kwenye maji baridi hadi ivimbe, kisha hupashwa ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, isizidi nyuzijoto 60 au 65 hivi, kwani ikichemka hupoteza nguvu. Shida yake kwa shingo ya vipande vitatu ni muda: huanza kuganda ndani ya dakika moja au mbili, na katika asubuhi za Julai hapo Sakina ni mapema zaidi, wakati wewe una nyuso nne ndefu za kupaka na vibanio kumi vya kukaza. Wanaoiweza hupasha mbao kwanza na kufanya kazi wawili, au huongeza yurea kidogo ili kuichelewesha. Anza nayo kwenye vitu vidogo, kama vile kuunga vipande viwili vya ubao wa mbele wa gitaa la akustika.

Kuhusu baridi hiyo ya Julai, jambo moja linahusu gundi ya njano pia. Ikipakwa kwenye mbao zilizo baridi mno hukauka ikiwa nyeupe kama chaki na haina nguvu. Mpaka wake kwa gundi nyingi za aina hii ni karibu nyuzijoto 10, na mbao zilizolala kwenye sakafu ya saruji usiku kucha huwa baridi kuliko hewa. Ziingize ndani pamoja na chupa ya gundi jioni iliyotangulia, na kazi ya kuunga uifanye saa sita mchana.